Nani Anamwagilia Ua la Baba

Fundi wa bustani alizamisha kidole kwenye udongo, kikatoka na tope jeusi. Akakinusa.

"Mizizi inaoza, Mwalimu."

Mwalimu mstaafu alichuchumaa kando yake. Ua lile lilipandwa na marehemu baba yake chini ya ukuta wa nyuma, mahali pasipofika jua. Kila kiangazi majani yake mapana hukauka, na mvua zikianza huchipua upya, mwaka wa ishirini na tatu sasa. Safari hii yalikuwa ya manjano, yamelegea kama matambara.

"Jua halilipati," alisema. "Mbolea nimeweka. Wadudu sijaona hata mmoja."

"Si jua, si wadudu. Ni maji. Kikombe kimoja kwa wiki kinatosha, kama nilivyokwambia juzi. Kuna mtu analimwagilia kutwa nzima."

Ile "juzi" haikumpendeza. Mafundi wa siku hizi hupenda kujikinga na lawama mapema. Hata hivyo hakubishana, kwa sababu jibu alikuwa nalo. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu: yeye, na mama yake mwenye miaka themanini na minne.

Alimkuta jikoni, fimbo imelazwa mapajani, chai mbele yake haijanywewa.

"Hii ina sukari mno, mwanangu."

"Ni ileile ya kila siku, mama." Wazee hupoteza ladha, alijisemea. "Mama, unalimwagilia ua la baba?"

"Mimi? Na goti hili? Ngazi za uani sijazishuka tangu mwezi uliopita."

"Fundi amesema udongo umefurika. Na hapa tuko wawili."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akainamisha macho.

"Basi ni mimi, mwanangu. Nisamehe. Sitarudia."

Jibu hilo lilimtia Mwalimu hofu kuliko ubishi. Mtu anakataa, na kabla hujameza mate anakubali. Jioni ile aliichukua ndoo ndogo ya kumwagilia, akaificha stoo nyuma ya magunia ya mkaa.

Kesho yake ndoo ilikuwa chini ya bomba la uani. Maji yalikuwa yamesimama juu ya udongo, na majani mawili yalielea.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Mwalimu alimpandishia mama yake sauti. Alimuuliza kama anataka kumuua baba mara ya pili. Maneno hayo yalipomtoka alitamani kuyarudisha, akakimbilia bafuni, akafungulia bomba ili kilio chake kisisikike. Alipotoka, mama alikuwa bado amekaa palepale.

"Mpigie kaka yako," mama alisema kwa upole. "Mwambie aje."

"Hata mimi nimeona hivyo."

Kaka mtu alifika Jumamosi asubuhi. Mwalimu mwenyewe, dada yake, ndiye aliyemfungulia geti. Alimpokea begi na kumweleza yote palepale, kabla hata hajakaa: mama amebadilika, anasahau, anakataa alichofanya dakika tano zilizopita. Hawezi tena kuachwa peke yake. Kaka alisikiliza bila kumkatiza, akamshika bega, kisha akaingia jikoni kwa mama na kurudishia mlango.

Alivuta kiti, akakaa karibu naye magoti kwa magoti.

"Imeanza lini, mama?"

"Mwaka jana." Mama alikuwa akikunja na kukunjua leso yake. "Nilidhani nitaweza kuficha. Nimechoka, baba."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia nini? Mwenyewe nilikuwa sitaki kuamini." Akafuta macho. "Nakuomba kitu kimoja. Usitutenganishe, mimi na dada yako."

Kaka alimshika mikono yote miwili, wakasikiliza maji ya bomba yakitiririka uani. Yalikatika. Baada ya muda yakaanza tena.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mwalimu aliingia, viatu vimejaa tope, mikono inachuruzika maji. Alipomwona kaka yake alisimama, uso ukachanuka kwa furaha.

"Kaka, jamani, mbona hukuniambia unakuja? Umefika saa ngapi?"