Upande Wenye Nukta

Mikrofoni mbili zilikuwa mezani, na fundi wa sauti alijua ipi ingemfaa mdogo wake na ipi ingemponza. Ya kwanza husikia pande zote. Ya pili husikia upande mmoja tu, ule wenye nukta nyeupe. Nyuma ni kiziwi.

Jana fundi mwenyewe aliuimba wimbo uliokuwa ukitafutiwa mwimbaji, na mtayarishaji wa studio akasema, "Si mbaya." Leo alitaka kumsikia mdogo mtu kabla ya kuchagua mwimbaji.

Wivu ukamshika fundi. Akaifunga ile ya pili kwenye stendi, akaizungusha taratibu kwa vidole viwili hadi nukta ikatazama pazia la ukutani. Kiti akakiweka upande ulio kiziwi.

"Dada, mbona unanielekeza ukutani kama mtoto mtukutu?"

"Imba tu. Mikrofoni haina haja na sura yako."

"Mimi nina haja na yako. Nisipokuona, sauti hainitoki."

Fundi akarudi kwenye mitambo yake nyuma ya kioo, alikoketi mtayarishaji. Alipoinua macho, mdogo wake alikuwa amekibeba kiti, ameizunguka mikrofoni, na ameketi mbele ya pazia akimtabasamia. Nukta nyeupe ilimwelekea mdomoni.

"Haya, tuanze," mtayarishaji akasema.

Mdogo mtu akavuta pumzi, na pumzi hiyo peke yake ikakijaza chumba. Mtayarishaji akafumba macho.

Kidole cha fundi kikatua juu ya kitufe cha kuzima mikrofoni.