Koti la Filbert

"Kama wameipiga picha dunia kutoka huko juu angani, mwanao atakosekanaje humo?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo aliporudi sokoni Makambako na kipande cha gazeti chenye picha hiyo, kilichofungiwa chumvi. Nikakiweka ndani ya Biblia.

Mwanangu Filbert alikwenda Tanga kukata mkonge. Alisema huko kuna joto, akaliacha koti lake. Miaka ikapita bila habari, mpaka ukoo ukaamua kulizika koti badala yake.

Shemeji alipokuja kulichukua, nilimpa kwanza ile picha.

"Nionyeshe Tanga, shemeji."

Akaipeleka dirishani, akaigeuza huku na huku. "Hii nyeupe yote ni mawingu."

"Na watu?"

"Watu hawaonekani, shemeji yangu. Hata milima haionekani." Akanirudishia picha. "Kaburi tumeshachimba."

Niliomba kimoyomoyo, kisha nikalitungua koti. Nikalifunga vifungo vyote hadi shingoni, kama nilivyokuwa nikimfungia Filbert mwenyewe asubuhi za baridi, akienda shule. Cha juu kilikuwa kigumu. Shemeji alinisubiri.

Akalipokea kwa mikono miwili, akatoka nalo.