Koti la Mchimba Kaburi

"Nyumbani kwangu mimi ndiye nyota," Shemdoe alipenda kuwatambia wenzake kijiweni. Kwenye filamu za kutisha na kuchekesha hakuwahi kuwa nyota hata siku moja. Alikuwa yule anayeliwa na zimwi kabla bisi hazijapoa. Na kwa kuwa siku hizi sheria inataka kila mhusika apewe mwili na kuhamia kwa mwigizaji wake, nyumba yake ya Muheza ilijaa watu wenye sura yake: mlinzi anayezimia, mpishi wa mchawi, na mchimba kaburi mwenye koti refu.

Jumamosi moja alirudi akamkuta mkewe, Mwanaidi, akicheka hadi anakohoa. Mchimba kaburi alikuwa akimenya mihogo huku akisimulia alivyoliwa. Shemdoe hakukumbuka ni lini yeye alimchekesha hivyo. Basi yule alipovua koti aende kuteka maji, na Mwanaidi kageukia jiko, Shemdoe akalivaa, akaketi mkekani, akashika kisu.

"Enhe, zimwi likaanza na mguu gani?" akauliza Mwanaidi.

"Wa kushoto, bibie. Wa kulia ulikuwa na fangasi."

Mwanaidi akacheka mpaka machozi. Shemdoe akavimba kichwa.

"Kwani mumeo hakuchekeshi hivi?"

"Yule? Yule hupita tu hapa, kama kwenye filamu zake."

Ndoo ikatuliwa mlangoni.

"Mzee Shemdoe," mchimba kaburi akasema kwa adabu, "umenenepa. Koti langu linakubana."

Mwanaidi akawatazama wote wawili. Hakukasirika. Alisogea tu kidogo mkekani, akampisha mwenye ndoo akae.