Dawa ya Kufaulu Fizikia

"Vua viatu, kaa chini, simu uizime," ilisema sauti nzito nyuma ya pazia jekundu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba."

Edson alikaa. Alikuwa na miaka ishirini na moja, na Jumatatu ulikuwa mtihani wa fizikia wa Kidato cha Sita. Darasa alilikimbia tangu Septemba, kama wenzake wote, kwenda kuchimba dhahabu Nyarugusu. Wiki iliyopita duara, shimo walilokuwa wakichimba, lilititia, akatolewa kwa kuvutwa miguu. Hakutaka kurudi shimoni tena. Alitaka chuo, na aliogopa kweli kweli.

Huyu mganga mgeni, watu walisema, dawa yake haijawahi kugonga mwamba. Hanyweshi wala hachanji. Anasemesha tu.

"Ng'wanawane, mwanangu, shida yako ni jua," sauti ilisema. "Ndani ya jua wanakaa ndugu wanne, wote wanaitwa Haidrojeni."

"Haidrojeni? Hata huku ipo, Babu?"

"Usinikate. Hawapatani hao. Ukiwasogeza, wanasukumana. Utafanyaje?"

"Nitawasuluhisha."

Fimbo iligonga sakafu. "Utawachemsha. Nyuzi milioni kumi na tano. Wakimbizane ovyo, huku uzito wa jua unawabana. Wakikaribiana mno, kuna nguvu inawanasa, hawaachani tena. Wanakuwa kitu kimoja, Heliamu. Haya, mpime huyo Heliamu."

"Atakuwa na uzito wa wale wanne."

"Pungufu kidogo. Kilichopungua kimekwenda wapi?"

Edson alikuna kichwa. Jasho lilimtoka. Aliwaza mpaka paji la uso likajikunja.

"Ndiyo... ndiyo joto lenyewe? Ndiyo mwanga?"

Nyuma ya pazia mganga alipenga kamasi.

"Rudia yote mara saba," sauti ilisema, sasa imelegea kidogo. "Ukikosea neno, dawa inakufa."

Edson alirudia. Mara ya tatu alianza kuelewa. Mara ya saba alikuwa anaeleza kwa mikono miwili, anauliza na kujijibu, na hofu ilikuwa imemtoka bila yeye kujua. Alishukuru, akavaa viatu. Nje aliwakuta wenzake wanane wa darasani kwenye benchi, kila mmoja akijifanya hamjui aliye pembeni yake.

Nyuma ya pazia mganga alifunua daftari lake la mahudhurio ya somo la fizikia, Kidato cha Sita, akalitafuta jina la Edson Bujiku, akaliwekea alama ya vema, ya kwanza tangu Septemba.