Kiatu cha Siku ya Kwanza

"Dada, nafasi bado ipo garini," alisema mdogo wa kiume wa Darlene, amesimama katikati ya chumba na soksi tu miguuni. "Miaka arobaini na minne, huna mume, huna mtoto, umekuja kukaa darasani na watoto wa watu jangwani huku. Twende zetu nyumbani Ohio."

Darlene aliketi kitandani, akachukua kiatu cha kuendea chuoni, akakigonga sakafuni kama wafanyavyo watu wote wa mji huo wa Las Cruces kila asubuhi.

Nge akaanguka.

Alikuwa na rangi ya mchanga, mwembamba, mkia ameukunja juu tayari. Mdogo mtu akarukia juu ya kiti. Darlene akamtazama yule nge bila haraka, kisha akampiga kwa kisigino cha kiatu kilekile. Akakifuta, akakivaa, akafunga kamba.

"Mimi nimeshafika," alisema, akitia mkoba begani. "Wewe nenda salama, safari yako ndefu."

Mlangoni akageuka.

"Na hayo mabuti yako, si uliyaacha barazani usiku kucha?"