Kiatu cha Raul

Raul aliinua kiatu ili akigonge sakafuni, na Lorena, mtaalamu wa tabia katika kliniki ya watoto, akamdaka mkono ukiwa bado juu.

"Mikono itulie. Tunaanza upya."

Bibi yake Raul, Zulmira, alikuwa nyuma ya kioo, ambako jamaa waliruhusiwa kutazama mradi wasifungue mdomo. Wiki ya tano hiyo. Mjukuu wake alikuwa na miaka sita na maneno machache, na kabla ya kuvaa kiatu ilikuwa lazima akigonge chini mara tatu. Aliiga kwa marehemu babu yake, mkata miwa, na hakuna aliyewahi kudhurika. Lakini kliniki iliandika kwenye faili: tabia ya kurudiarudia, iondolewe. Mama yake Raul aliambiwa bila hivyo hakuna shule ya mji wao wa Birigui itakayomvumilia. Akatia saini huku analia.

Zulmira hakutia saini yoyote. Mtoto akilia, wanamgeuzia kisogo. Eti akibembelezwa atazoea. Akinyamaza anapewa kashata ya karanga. Akiulizwa hali, sharti amtazame mtu machoni na kusema, "Niko sawa, asante." Hata mbwa wake Zulmira hakumlea hivyo.

Na leo walizidi. Mafundi walikuwa wakibomoa ukuta wa uani tangu asubuhi, vumbi limejaa mpaka kwenye varanda ambako watoto huacha viatu. Kila nyundo ilipolia Raul aliziba masikio, na kila alipoziba, Lorena aliishusha mikono yake. Mara kumi na tisa. Zulmira alihesabu.

"Vaa kiatu, twende nyumbani," Lorena akarudia agizo la zoezi.

Safari hii Raul hakugonga. Aliingiza mguu, akashtuka, akapiga yowe. Lorena akageukia ukutani, akangoja. Mtoto akalimeza yowe lake, akaikalia mikono yake.

"Bingwa wangu!" Lorena alipiga makofi, akamwekea kashata mapajani. "Bibi Zulmira, njoo uone! Hajagonga, na kilio amekikata mwenyewe!"

Zulmira aliingia. Raul alikuwa ameloa jasho, midomo imepauka, kashata hajaigusa.

"Mbona anatetemeka hivi?"

"Anataka umwangalie tu, bibi. Ukimjali sasa hivi utatuharibia kazi yote."

"Ndiyo, naiharibu! Mwezi mzima mnamnyima mtoto kugonga kiatu, kwani kinawauma nini?"

Alipiga magoti, akamvua kiatu mjukuu wake, akakigonga sakafuni kwa hasira, miguuni pa Lorena. Moja. Mbili. Tatu.

Nge wa manjano akadondoka, mkia juu.

Raul akamtazama bibi yake machoni, sawasawa kabisa, akasema, "Niko sawa, asante."