Zamu Yako, Bibi

Bi Manubia alikuwa amezamisha mikono yote miwili katika beseni la chenga za ngano pale Hayet alipousukuma mlango. Ushungi ulikuwa umekwenda upande, pua nyeupe kwa vumbi la unga. Sakafuni yalipangwa mabakuli ya dengu, adesi, chumvi na sukari. Katikati yake alikaa Yosra, binti wa Hayet mwenye miaka mitano, kajishika kiuno kama mwenye duka.

"Umekosea, Bibi! Hiyo chumvi! Anza tena."

"Astaghfirullah!" alisema Hayet. Alikuwa jirani wa mlango wa pili. Kila asubuhi akienda kazini alimwacha mwanawe kwa mjane huyu, na kila adhuhuri alimkuta ana chakula nyweleni. "Mchezo gani huu?"

"Tunafumba macho, Mama, tunabahatisha kwa vidole," alisema Yosra haraka.

"Na midoli niliyokununulia?"

"Midoli haina harufu," alijibu Bi Manubia, bila kuinua kichwa.

"Bi Manubia, watu watasema umerudi utotoni."

"Waambie nimerudi, na sina haraka ya kutoka."

Siku iliyofuata ikawa treni. Yosra mbele, bibi nyuma kamshika bega, wakiuzunguka ua kutoka kisimani hadi jikoni, jikoni hadi kwenye ngazi. "Kituo cha Jiko! Kizingiti, inua mguu! Moto upande wa kulia, abiria jihadharini!" Abiria akikanyaga vibaya alitozwa busu.

Baadaye wakafungua mkahawa. Mtoto alikuwa mteja mwenye madaha, haridhiki na chochote. Bibi alikuwa mhudumu, sinia mkononi. Walimimina maji vikombeni huku wameinamisha masikio, wakisikiliza sauti inavyopanda kadiri kikombe kinavyojaa. Mwanzoni ua mzima ulilowa. Hayet aliteleza, akashika ukuta, akaondoka bila kuaga.

Jioni hiyo, kwa nia njema kabisa, alimpigia simu Lotfi, mwana pekee wa Bi Manubia, anayeishi Tunis. Mama yako anazeeka vibaya, alimwambia. Anacheza na unga. Anaendesha treni uani.

Lotfi alifika Kairouan, mjini kwa mama yake, Ijumaa baada ya sala, uamuzi keshaufanya njiani. Mama angehamia kwake, ghorofa ya nne, na nyumba hii ingefungwa. Hayet naye alikuja kula, amemshika Yosra mkono, macho chini kama mtu aliyechongea.

"Mama, ni kweli unacheza na chakula?"

"Kweli. Na leo nimekupikia kilichosalia. Kaa."

Lotfi alivuta kigoda hadi kivulini. Yosra alikirukia, akakirudisha kilipokuwa.

"Hapo ni reli, Ami. Utagongwa."

Basi Lotfi akakaa penye jua, akimchunguza mama yake kila hatua. Bi Manubia alikwenda jikoni akarudi na sinia la kuskusi kichwa wima, akalitua mezani bila kishindo. Lotfi alionja, akasema chumvi imepungua, ingawa haikupungua. Mama alinyoosha mkono, akashika bakuli la chumvi, akagusa chembe kwa kidole, akamsogezea.

"Tangu utotoni ulimi wako mwongo," alisema.

Kisha ikaja chai ya nanaa. Aliinua birika juu ya bega, uzi wa chai ukashuka mrefu, mwembamba, akaukata pale pale povu lilipogusa ukingo. Alijaza vikombe vyote namna hiyo. Meza ilibaki kavu.

Lotfi alikohoa, akatoa simu. "Tazama basi chumba chenyewe, Mama. Kina dirisha kubwa, nimekitia zulia jipya." Akamsukumia simu usoni.

"Sitazami."

"Tazama tu! Kutazama kuna hasara gani?"

"Nimesema sitazami!" Bi Manubia aliipiga meza kiganja, sinia likalia. "Baba yako aliniingiza nyumba hii nikiwa bibi harusi, na nitatoka humu nimebebwa na wanaume wanne. Kama una haraka, waite hao wanne sasa hivi, tuone nani atathubutu kunigusa wa kwanza!"

Yosra alicheka hadi akapaliwa. Hayet aliinamia kikombe chake. Lotfi aliirudisha simu mfukoni, akamtazama mama yake muda mrefu, kisha akatazama meza ile kavu.

"Mimi ningemwaga nusu birika," alisema taratibu. Alikunywa, akakiweka kikombe chini. "Haya, Mama. Umenishinda. Kaa na nyumba yako. Na treni yako pia."

Alimbusu kichwani, akaaga, akatoka. Gari alikuwa ameliacha barabara kuu, kwa kuwa vichochoro vya mji mkongwe havipitiki, akashika njia kwa miguu na viatu vyake laini vya Ijumaa. Ndani, Hayet alianza kukusanya vyombo. Bi Manubia alisimama mlangoni, kidevu juu, akipunga mkono kwa tabasamu la mshindi. Akapunga, akaendelea kupunga.

Yosra alimvuta gauni, akamnong'oneza:

"Bibi, shusha mkono. Ami Lotfi keshakata kona zamani. Hapo unampungia paka."

Bi Manubia alicheka chinichini. Alipapasa hewani hadi vidole vyake vikalipata bega la mtoto.

"Basi kesho," alisema, "unifundishe na kichochoro."